Mstari wa Chaki kwenye Stoo ya Vitunguu

Vijana wangu wa kitengo cha usafi, siku ya kuniaga mliniomba hotuba nikakataa, mkashangaa, kwa kuwa mnanijua mtu wa maneno. Hotuba huishia kwenye makofi. Nimeona afadhali niandike, ili habari ya bodi yetu na msamaha wa ada ya dampo isije ikasimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Sehemu kubwa niliianzisha mimi, na sehemu iliyoharibika niliiharibu mimi vilevile. Vyeo na mishahara sivisemi. Vimo kwenye jalada langu, mwenye hamu akasome.

Nilirudi nchini enzi za ruksa zikiwa zimepamba moto. Niliondoka Dar nikiwa mpakia mizigo bandarini, nikarudi na stashahada ya usimamizi wa taka ngumu. Hakuna mjomba aliyenilipia wala chama kilichonipeleka. Kule ughaibuni nilifagia theluji asubuhi na kuingia darasani mchana, nikisoma kwa lugha niliyofundishwa na dereva wa gari la taka, ndiyo maana nilianza kujua matusi yake kabla ya salamu. Wenzangu walirudi na mafriji. Mimi nilirudi na suti moja, na stashahada ndani ya bomba la plastiki ili isikunjike.

Kariakoo niliyoiacha ilikuwa ya foleni za sabuni. Niliyoikuta ilikuwa imefurika! Mitumba, masufuria, redio, kandambili, biskuti za nchi nisizozijua. Kila kilichoingia kilikuja ndani ya boksi, na kila boksi lilipofunguliwa lilikuwa na makazi mapya tayari, katikati ya barabara. Watu waliziba pua. Mimi nilisimama pale nikiwa na furaha kama mtu aliyefika harusini, maana niliona kazi ya maisha yangu imenirundikiwa mpaka magotini.

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Mkuu wa ofisi aliitazama, akanituma dampo. Pale getini alikuwepo Mzee Mkumba, msimamizi wa dampo, mtu mwembamba aliyevaa gamboti, na mkononi ameshika nondo yenye urefu wa mkongojo, ncha yake imechongwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo mzee. Nina stashahada."

Aliitazama tai yangu. "Ndiyo hiyo? Ivue, itachafuka."

Jina langu la utani, Diploma, lilizaliwa pale pale, na kufika jioni lilikuwa limeshafika sokoni kabla yangu. Nililipenda. Nalipenda mpaka leo.

Mzee Mkumba hakuwahi kuingia darasani zaidi ya madrasa, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Lori likifika, aliichomeka nondo ndani ya mzigo, akaizungusha, akaichomoa, akaitazama ncha na kuinusa. "Hii ya Feri, ina magamba ya samaki." "Hii ya kwa wauza nazi, makumbi matupu." Mimi nilisomea njia ya kutenganisha taka kwa makundi na asilimia. Yeye alijua lori limepita mtaa gani na dereva amedanganya nini. Kwa wiki mbili nilimbishia. Wiki ya tatu nilimwomba anifundishe kushika nondo, na hilo, nawaambia bila aibu, ndilo jambo la akili kuliko yote niliyowahi kufanya nikiwa na tai mfukoni.

Halafu ukaja utaratibu mpya. Kuzoa taka kukakabidhiwa wakandarasi binafsi, na getini pakawekwa ada. Kila tela, kila lori, lilipe ndipo limwage. Kwa makampuni ilikuwa haki. Lakini mjini palikuwa na vikundi visivyotafuta faida: vya misikiti, vya makanisa, vya akina mama wa mitaa, watu waliozoa uchafu wa jirani zao kwa sababu hakuna mwingine aliyeuzoa. Hao nao wakaambiwa walipe.

Nikasema wasamehewe. Mkuu akasema sawa, lakini nani atasema yupi asamehewe na yupi asisamehewe? Lilikuwa swali zuri, kwa sababu udanganyifu ulikuwa umeshaanza. Wiki moja tu baada ya habari kuenea, lilifika lori limeandikwa ubavuni jina la kituo cha kulelea yatima. Mzee Mkumba akachomeka nondo. Ikatoka na mfupa wa kuku na vizibo vya bia.

"Yatima hawa wanakula vizuri," akamwambia dereva. "Rudisha hotelini."

Basi nikaandika kanuni. Niliziandika peke yangu, siku tisa, kwa mkono, na mchapaji wa ofisi aliniambia hajawahi kuona kitu kilichopangwa vile. Iundwe bodi ya wananchi saba. Wajumbe wateuliwe kwa barua, nao wakubali kwa barua. Wakikosekana watano, hakuna kikao. Mjumbe mwenye maslahi katika ombi atoke nje na asihesabiwe. Ombi lisiloamuliwa ndani ya siku sitini lihesabike limekataliwa, ili maofisa wasilale juu ya mafaili. Mimi nikawa katibu. Kikao kiwe kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, pamoja na chai, kama nilivyoona kwenye mabodi ya kule nilikosoma.

Mwenyekiti akawa Mzee Jayanti, muuza misumari na bolti, ambaye babu yake alifungua duka Kariakoo kabla hakujawa na lami. Alikuwemo Sista Agnes, muuguzi mstaafu. Mhasibu mmoja mstaafu na mchungaji mmoja wakakamilisha wanne wa kutegemewa. Wa tano, mwalimu, akahamia Tanga kwa mwanawe. Wa sita, mwanasheria, alihudhuria mara moja, akaisifu chai, akapata kesi Arusha na hakuonekana tena. Wa saba alikuwa Bwana Temu, mfanyabiashara wa vitunguu vya jumla kutoka Kilimanjaro, ambaye sokoni kila mtu alimwita Mangi. Huyo alikubali uteuzi, nami nikampelekea barua saba za mwaliko wa vikao kwa mkono wangu mwenyewe. Alizipokea kwa heshima zote, hakuja hata siku moja. Baadaye nilizikuta zimezibia tundu la panya.

Sasa mjueni Mama Mwanahawa. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake kumi na wawili waliozoa taka za vichochoro vya nyuma ya soko, hasa kile kinachopita nyuma ya kliniki ya wajawazito. Walikuwa na trekta kuukuu lenye tela, walilopewa na wafadhili kwa sharti moja: likikoma kufanya kazi ya jamii, linarudishwa. Ada ilipoanza, tela lilizuiwa getini. Mama akaleta ombi la msamaha. Nilipitia makaratasi yake, yamenyooka. Nilikwenda kichochoroni, nikakuta taka zimeshafika kimo cha dirisha la chumba cha kujifungulia, na masika yalikuwa mlangoni. Mkandarasi wa eneo lile alisema wazi lori lake haliingii vichochoroni, yeye anataka mitaa mipana tu.

Mwezi wa kwanza wa ombi hilo, kikao kilikosa mtu wa tano. Kikaahirishwa. Kikao cha pili kingeangukia siku ya sitini kamili. Kikishindikana, ombi limekufa, mitaa inakwenda kwa mkandarasi, trekta linarudi kwa wenyewe, na kichochoro kinabaki na mvua.

Hapo ndipo akili yangu ya stashahada ilipowaka. Kiti cha mwalimu si kipo wazi? Atateuliwa mjumbe mpya haraka. Na nani anajua taka za mjini kuliko Mama Mwanahawa? Nikapeleka jina lake, nikalifuatilia ofisi hadi ofisi, barua ya uteuzi ikatoka siku ya tano. Mama aliisoma akiwa amekaa juu ya tairi la trekta.

"Mimi kwenye bodi, mwanangu?"

"Wewe, mama. Sasa tumefika watano!"

Nilitembea kurudi ofisini nikiimba.

Alhamisi ikafika. Wajumbe watano mezani, chai mezani, Mzee Mkumba kwenye benchi kwa ajili ya maswali ya dampo. Ombi la kwanza, la kikundi cha Mama. Nikasimama nikasoma kanuni ya maslahi kwa sauti ya kusikika mpaka korido. Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka.

Mzee Jayanti alihesabu kwa penseli. "Moja, mbili, tatu, nne. Diploma, wa tano yuko wapi?"

"Yuko nje, mwenyekiti."

"Mrudishe."

"Akiwa ndani hatuwezi kulijadili ombi lake."

"Na akiwa nje?"

"Hatuna kikao."

Sista Agnes akaweka kikombe chini polepole. Mzee Jayanti akachukua zile karatasi, akazigeuza. "Kanuni hizi nani kaziandika?"

"Mimi, mwenyekiti."

"Zimepangwa vizuri," akasema, akazirudisha mezani.

Mzee Mkumba alicheka mpaka akashika ubavu. "Diploma! Umemtia mama kwenye chupa, umefunga kizibo, sasa unamwambia apumue!"

Kutoka nje tukasikia sauti ya Mama dirishani. "Mkimaliza kunijadili mniambie, nimeacha trekta linanguruma. Nikilizima haliwaki tena."

Nawaambia ukweli, jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nilipendekeza Mama ajiuzulu, mchungaji akanikumbusha kwamba akijiuzulu tunabaki wanne vilevile. Nilipendekeza tuongeze siku. Mhasibu akanionyesha kwa kidole mahali nilipoandika kwamba siku haziongezwi, tena nimepigia mstari.

Ndipo Mzee Jayanti akauliza, "Mangi yuko wapi?"

"Haji, mwenyekiti. Barua saba."

"Sikuuliza kama anakuja. Yuko wapi saa hizi?"

"Stoo kwake."

"Saa nne ya asubuhi malori ya bara yanashusha. Mwenye stoo Kariakoo ataondoka saa nne kwenda kunywa chai yako? Hata mimi nimemwacha mke wangu kaunta, na nikirudi nitasikia."

Mimi ni mtoto wa mji huu. Nimebeba magunia nikiwa sijaota ndevu. Saa ya malori niliijua kabla sijajua kusoma saa, nikaenda kuisahau ughaibuni na kurudi na saa nne ya watu wengine.

"Kanuni yako," akaendelea Mzee Jayanti, "imesema kikao kikae wapi?"

Nilifungua ukurasa. Nikafunua na mwingine. Ndugu zangu, nilikuwa nimeandika kila kitu isipokuwa hilo!

Tukatoka. Mbele mwenyekiti na penseli yake sikioni, kisha Sista Agnes na mwavuli, mchungaji, mhasibu, mimi na daftari la mihtasari na muhuri kwapani, Mzee Mkumba na nondo yake, na nyuma kabisa trekta la Mama likitufuata kwa moshi. Wamachinga walipouona muhuri wakaanza kukunja mitumba.

"Jamani Diploma, leo mnamfungia nani?"

"Tulieni! Hiki ni kikao."

"Kikao kinatembea?"

"Kinatembea!" akajibu Sista Agnes, na mwavuli juu.

Mangi tulimkuta juu ya rundo la magunia, amevaa singilendi, anapokea mzigo kutoka kwenye lori. Alitutazama kwa zamu.

"Mangi, habari za kazi," akasema mwenyekiti. "Bodi yako imekuja kukaa kikao."

"Bodi yangu? Karibuni. Chukueni gunia mkae. Mchungaji, si hilo, lina maji."

Stoo ile haikuwa na ukuta wa mbele, ilifunguka moja kwa moja barabarani. Mhasibu akauliza Mama atatoka nje ipi, wakati pale hakuna ndani. Mzee Mkumba akaomba chaki ambayo Mangi aliitumia kuandikia magunia, akachora mstari sakafuni kutoka nguzo hadi nguzo. "Huku kikao. Kule barabara. Mama, samahani." Mama akauvuka mstari, akasimama kando ya muuza kahawa, ametugeuzia mgongo. Aliagiza kikombe lakini sikumwona akinywa.

Nikasoma ombi kwa haraka, huku wapakuzi wakipita katikati yetu. Mangi alisikiliza bila kuacha kuyatazama magunia yake.

"Mimi nina swali moja," akasema. "Huyu mama simjui vibaya. Lakini akipita bure, kesho mwenye hoteli atamwambia nibebee na zangu kwa jina lako. Utajuaje wewe, Diploma? Umesomea kunusa?"

"Nimesomea," nikasema. "Na mwalimu wangu ni huyu hapa."

"Haya." Akashuka kutoka kwenye rundo, akaniongoza hatua chache hadi kwenye mdomo wa kichochoro kilekile cha kliniki, wajumbe wote wakiona kutoka mahali walipokaa, akakipiga teke kirundo. "Hii ya wapi? Ukikosea, mimi namalizia mzigo wangu."

Nilimtazama Mzee Mkumba. Alininyooshea nondo. Nikachomeka kwa nguvu mpaka mkono ukazama, nikazungusha, nikachomoa. Maganda mekundu yamenata. Nyuzi za katani. Nikasogeza pua. Na kwenye uzi mmoja, kipande cha gunia kimebaki, kina alama nyeupe ya chaki.

Nilifurahi kama siku ya matokeo.

"Mangi," nikasema, "hii ni ya kwako."

Wapakuzi wakalipuka kwa kicheko. Mmoja akakaa chini kabisa. Muuza kahawa akapiga mbinja. Mangi alijaribu kukunja uso, ukamshinda, akacheka naye mpaka singilendi ikatikisika. "Lo! Nimeumbuka kwenye kikao changu mwenyewe." Kisha akakitazama kichochoro chote, mpaka kule mwisho kwenye dirisha la kliniki, na kicheko kikamwisha. "Mke wangu alijifungulia mle," akasema. "Haya, tupige kura kabla lori la pili halijaingia."

Mikono mitano ilinyanyuka. Wa Mangi ulikuwa na kitunguu. Niliandika muhtasari nikiwa nimepiga goti, nikagonga muhuri juu ya gunia. Nakala ya barua ile ipo kwenye jalada la kwanza, kabati la kushoto. Ipapaseni, mtakuta alama za katani kwenye karatasi mpaka leo.

"Mama Mwanahawa," akaita mwenyekiti, "umesamehewa ada. Rudi."

Alikuja mpaka kwenye mstari, akasimama hapo vidole vikiugusa. "Wote watano?"

"Wote."

Akavuka. Alikaa kwenye gunia lake, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Basi kama mimi sasa ni mjumbe tena, nina hoja. Vikao viwe hapa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya malori. Na chai ya Diploma ije." Ikapita bila kupingwa. Tangu siku hiyo hatukukosa watu watano.

Kesho yake nilikuwa getini dampo mapema, na barua mkononi, kumpokea. Tela lilikuja limejaa kichochoro kizima. Nikampungia Mzee Mkumba barua. Hakuitazama. Alichomeka nondo kama kawaida, akanusa.

"Vitunguu."

"Vya Mangi," akasema Mama kutoka juu ya trekta.

"Pita." Kisha akanigeukia. "Karatasi yako, Diploma. Nondo yangu."

Alinipa nondo ile alipostaafu. Ipo nyuma ya mlango wa stoo ya vifaa. Msiipake rangi na msiinoe kwa mashine. Mtu mpya akija na shahada zake, mpeni ashike kabla hamjampa kompyuta.

Sasa mwisho. Mzee Jayanti, Mzee Mkumba na Sista Agnes hawapo tena. Mama Mwanahawa ndiye mwenyekiti, na stoo anaiendesha binti wa Mangi, baba akiwa kwenye kiti chake pembeni, anakosoa. Kwenye kikao changu cha mwisho palikuwa na kiti wazi kwenye bodi, na jina lililopendekezwa lilikuwa langu. Niliandaa barua ya kukubali mapema. Niliipiga na pasi.

"Diploma," Mama akasema, akachukua chaki kwa binti wa Mangi, akainama kwa taabu na kuchora mstari kutoka nguzo hadi nguzo. "Una maslahi, mwanangu. Toka nje."

Miaka yote ile nilitoa watu nje, na sijawahi kutolewa. Nilisimama barabarani pale aliposimama yeye, nikaagiza kahawa, na sikuweza kuinywa.

"Rudi," akaita.

Nikafika kwenye mstari, nimeshatoa barua mfukoni.

"Bodi imekataa," akasema Mama. Alikuwa ameshika kanuni zangu, karatasi zilezile, zimekuwa njano. "Ukurasa wa nne. Mtumishi aliyestaafu asiteuliwe kabla ya miaka miwili kwisha. Umepigia mstari mwenyewe."

Mangi alicheka kule kwenye kiti chake mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, nawaapia, kwa fahari ambayo hata siku ya kupokea stashahada sikuwa nayo. Kanuni zangu zimesimama, mpaka juu yangu!

Miaka miwili si mingi. Barua yangu nimeirudisha kwenye bomba la plastiki, pamoja na stashahada, isikunjike.